Ukakasi wa Ndizi na Damu ya Mama

Ukimenya ndizi mbichi, utomvu wake hutia weusi mikononi na nguoni. Ukiionja, ulimi unakauka. Ukakasi huo huletwa na tanini, moja ya vitu ambavyo wataalamu huviita polifenoli. Vimo pia kwenye kahawa, chai, mtama mwekundu na matunda mengi.

Tabia kuu ya tanini ni kunata. Hushika protini na haiachii kirahisi. Ulimi unakauka kwa sababu tanini imekamata protini za mate.

Wakamuaji wa Karagwe na Kyerwa wanaitumia tabia hiyo tangu enzi za mababu. Embire zilizoiva zikikandwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, tanini hushikana na protini za ndizi, zikabaki pamoja kwenye machicha, na juisi ikatoka nyepesi. Ukikanda hivyo hivyo ndizi za kupika zilizoiva, mara nyingi utapata rojo tu.

Viwandani nako hutegemea kunata huko, ila badala ya protini huweka resini, yaani punje ndogo za plastiki zenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Punje hujazwa katika bomba, na maji yaliyotolewa kwenye tunda hupitishwa humo. Polifenoli hunata kwenye punje. Sukari na chumvi hupita. Kisha punje husuuzwa kwa alkoholi, kwanza hafifu, halafu kali zaidi, na kila kiwango hung'oa aina yake ya polifenoli. Alkoholi ikivukizwa unabaki unga. Viwanda vya juisi ya machungwa hutumia punje za namna hiyo kuondoa uchungu.

Sasa tuje mezani kwetu, maana tanini hunata pia kwenye madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mlo wetu ni ndizi na maharage, na chuma cha maharage ndicho kinachokamatwa kwa urahisi. Cha nyama hakizuiliki sana. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima: kikombe cha kahawa pamoja na chakula kilipunguza chuma kinachoingia mwilini kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuzuia. Iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia sawasawa na ile ya mezani.

Basi mgeni akifika, mpe kahawa ya kutafuna kama desturi ilivyo, chakula kije baadaye. Mama mjamzito asimeze vidonge vya chuma kwa chai. Watoto wadogo wasipewe chai ya rangi pamoja na mlo; wape papai, pera au chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

Wapo wanaouza vidonge vya polifenoli kwa bei kubwa kama dawa ya kila kitu. Kilichokolezwa si sawa na tunda. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa dondoo la chai ya kijani, likifikia miligramu 800 za polifenoli yake kuu kwa siku, linaweza kudhuru ini.

Kahawa si sababu pekee ya upungufu wa damu. Malaria na minyoo ya safura huchangia sana. Mama mwenye kizunguzungu, anayehema akipanda kilima, au ambaye ndani ya kope zake pamekuwa peupe, aende zahanati apimwe wingi wa damu.