SOMO: KUJENGA NYUMBA KWA AKIBA
Soma: Luka 14:28–30

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu anatufundisha kupiga hesabu kabla ya kuanza msingi, tusije tukachekwa. Huku kwetu Geita na Shinyanga fedha ya dhahabu huja kwa mkupuo, na mara nyingi huisha kabla hatujanunua hata bati moja.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Benki ya Nyumba Tanzania, ili wananchi waweke akiba na kukopa wajenge. Mwaka 1995 ilifungwa, mikopo mingi ikiwa haijarudishwa. Asiyelipa deni humnyima jirani yake nyumba.

Leo akiba iliyo benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Tangu 2023, benki ikifilisika, mwenye akiba hulipwa fidia hadi shilingi 7,500,000. Chini ya godoro hakuna bima. Basi fungua akaunti, uweke kila upatapo, hata kama ni kidogo. Kisha jenga kwa hatua: kiwanja chenye hati, msingi, matofali, bati.

Maswali ya kuzungumza:
1. Fedha yangu ya mwisho ilikwenda wapi?
2. Je, mume na mke tunapanga matumizi pamoja?