Dawa za mizabibu na uvimbe wa ubongo

Je, anayepiga dawa shambani yumo hatarini kupata uvimbe wa ubongo?

Swali la kwanza liwe amezigusa kiasi gani. Mwaka 2007 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu ambako dawa nyingi ni za ukungu, walichapisha uchunguzi uliolinganisha wagonjwa 221 wa uvimbe huo na watu 442 wasio nao. Walipowaweka pamoja wote waliowahi kugusana na dawa kazini, tofauti ilikuwa ndogo, ingeweza kuletwa na bahati tu. Walipoitenga robo iliyopokea dawa nyingi kuliko wengine, uwezekano ulifika takriban mara 2. Kwa glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, mara 3. Hapo ndipo penye uzito. Ukimtia fungu moja aliyepita shambani msimu mmoja na aliyekoroga dawa miaka 20, umelifunika jambo unalolitafuta.

Lakini mgonjwa si ndiye anayekumbuka dawa kuliko mzima?

Pingamizi hilo ni la haki. Utafiti huohuo uliona hatari ikipanda hata kwa waliopulizia dawa maua ya nyumbani, na hilo nalipokea kwa shaka: nani anakumbuka maua ya sebuleni yalipigwa dawa mara ngapi? Kazi ni habari nyingine. Mtu hasahau miaka aliyolima mizabibu, na kiasi cha dawa kilikadiriwa na wataalamu kutokana na historia hiyo ya kazi. Kweli, uchunguzi wa wakulima wa kati-kaskazini mwa Marekani haukuona glioma ikiongezeka. Ila huko ni mahindi na soya, na dawa zake si zile za mizabibu.

Basi aliyeugua aseme ni dawa?

Hesabu ya kundi haimtajii mtu mmoja chanzo cha ugonjwa wake, na uvimbe huu ni nadra; mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Kinga, hata hivyo, haina haja ya kungoja uhakika huo. Barakoa hupewa sifa isiyo yake, kwani shambani dawa nyingi hupitia kwenye ngozi: mtu anapomimina dawa kali, anapozibua nozeli kwa mkono mtupu, anapovaa tena glavu zilizolowa ndani tangu jana. Halafu yupo mpogoaji, anayepenya kwenye majani yaliyopigwa dawa juzi akiwa na mikono wazi. Hajawahi kushika pampu, kwa hiyo ni rahisi kumsahau.