SOMO LA WAFANYAKAZI: KUPAKA RANGI UPYA MASHUA ILIYOTUMIKA



Hapa Gisenyi mashua kuukuu haitupwi. Tajiri huinunua, huita vijana wawili watatu, huwapa msasa na kopo la rangi, kisha husema: "Nataka ing'are Jumamosi." Leo tujifunze kuifanya kazi hiyo idumu, bila kuuza afya zetu.

Kwanza tumjue adui. Huko Lamu na Zanzibar, adui wa chombo ni mdudu wa baharini atobolaye mbao. Ndiyo maana mabaharia walipaka shahamu na chokaa sehemu izamayo, na mafuta ya papa, yaitwayo sifa, sehemu ya juu. Mdudu huyo hayumo katika Ziwa Kivu. Basi rangi ya sumu inayouzwa kwa vyombo vya baharini hatuihitaji. Itakula fedha bure na kuchafua maji ya sambaza. Adui zetu ni jua kali la mwinuko wa mita 1,460 hivi, changarawe za ufukoni, na maji ya mvua yanayotuama ndani na kuozesha mbao.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Chagua kiangazi, Juni hadi Agosti. Pandisha mashua juu ya magogo, chini ya kivuli, maana jua kali hupasua mbao.
2. Osha, kisha choma mbao kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza; ibadilishwe. Rangi haiponyi uozo.
3. Kwangua rangi inayobanduka. Ziba nyufa kwa kalafati.
4. Mbao ikikauka, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya juu mara mbili, nyembamba. Kila mkono ukauke kabla ya unaofuata.

Hatua ya tatu ndiyo yenye hatari. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na kwa macho hatuwezi kuyatambua. Vumbi lake huingia kwa pumzi na kwa chakula, likaharibu damu, figo na mishipa ya fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Anayeumia zaidi ni mtoto, naye hulipata vumbi hilo katika nguo za baba yake.

Kwa hiyo tusikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu, wala tusiichome kwa moto. Tuilowanishe, tutumie msasa wa maji. Kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba. Itakiwe barakoa ya vumbi iliyo bora. Tunawe kabla ya kula, na nguo za kazi zisiende nyumbani bila kufuliwa. Takataka zikusanywe kwenye turubai, zisimwagwe ziwani.

Haya si madai mapya. Mkataba Na. 13 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, uliohusu rangi nyeupe ya risasi, ulitaka vumbi la kukwangua pakavu lizuiwe, na wapaka rangi wapate mahali pa kunawa na wavae ovaroli.

Kwa nini basi bado tunakwangua pakavu? Kwa sababu tunalipwa kwa mashua, si kwa siku. Siku ya kungoja rangi ikauke haihesabiwi, hivyo kila mtu hukimbia. Dawa yake ni mapatano kabla ya kazi kuanza: siku za kukausha zihesabiwe, na barakoa, ovaroli, maji na sabuni vitolewe na mwenye mashua. Mmoja akisema peke yake, ataitwa mvivu. Tukisema sote, itakuwa bei ya kazi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kazi yetu ya mwisho, nani alinunua barakoa?
2. Siku ngapi za kungoja hazikulipwa?
3. Tutamwambia nini tajiri wa mashua ijayo, na nani watakwenda pamoja kumwambia?