Thabai ikichoma, kosa si la asidi pekee

Katika nyanda za juu za Kenya, wanaochuma thabai, mboga ya majani yenye nywele zinazochoma, huvaa glavu au hujifunga mfuko wa plastiki mkononi, kisha hukata ncha changa tu. Mboga hiyo ikichemshwa dakika chache makali yake huisha, nayo hupondwa na viazi na mahindi ikawa mukimo wa kijani kibichi. Ngoma huanza pale jani bichi linapogusa kifundo cha mkono: moto, kisha mabaka meupe yaliyovimba, yamezungukwa na wekundu, yakiwasha vibaya.

Kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa asidi ya fomiki, ile ile ya wadudu chungu ambayo mwanasayansi John Ray wa Uingereza aliandika kuihusu mwaka 1671. Imo kweli kwenye nywele za thabai, lakini kidogo mno. Mwaka 1947, watafiti Emmelin na Feldberg waliuchunguza mmea wa jamii hiyo wakakuta kemikali za histamini na asetilikolini. Kila unywele ni mrija wenye ncha ngumu kama kioo. Ukiguswa, ncha hukatika, unywele hudunga ngozi kama sindano na kumwaga maji yake ndani. Histamini hupanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe majimaji. Hapo ndipo baka huinuka.

Ndiyo maana mimi siwashauri watu kukimbilia magadi ili "kuua asidi". Ninachofanya ni hiki: sisugui wala sikuni, kwa sababu kusugua huzamisha nywele zaidi. Naosha kwa sabuni na maji baridi, nabandika selotepu na kuibandua ili itoke na nywele zilizobaki, kisha naweka kitambaa kibichi. Kuwasha kukizidi, dawa ya mzio kama setirizini husaidia, kwa kuwa hiyo huizuia histamini yenyewe. Kwa kawaida mabaka hupotea baada ya saa chache.

Asidi ya fomiki kali, ile inayotumika kugandisha utomvu wa mpira na kusindika ngozi, ni habari nyingine kabisa. Hiyo huunguza. Aliyemwagikiwa avue nguo zilizolowa, amwagiwe maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Hospitali pia ni ya yule aliyeguswa na thabai halafu midomo ikavimba, pumzi ikabana au akahisi kuzirai. Huyo asingojee selotepu.