Tusihukumu Upesi

Katika besiboli ya Marekani klabu huweza kubadilishana wachezaji, na mashabiki hubishana sana nani kapunjika. Tarehe 15 Juni 1964 Cubs ya Chicago iliwapa Cardinals ya St. Louis kijana Lou Brock na wenziwe, ikapata, pamoja na wengine, mtupa mpira hodari, Ernie Broglio, aliyeshinda michezo 18 mwaka 1963. Wengi wa Chicago walifurahi. Kumbe mkono wa Broglio ulikwisha kuumia! Aliwapatia ushindi wa michezo 7 tu katika miaka mitatu. Brock alikimbia kama swala, na mwaka ule ule Cardinals wakatwaa ubingwa.

Basi wenzangu, tunapochagua timu ya bweni, tusitazame sifa za mwaka jana tu.