Bando la Siku Moja, Mtoto wa Kidato cha Pili

Saa mbili usiku mama anarudi kutoka gengeni, na binti yake wa shule ya kata anaipokea simu. Bando la siku limebaki kidogo. Anatazama klipu za vichekesho mpaka likate. Mtaa wa pili, mwenzake wa shule ya Kiingereza anatazama klipu zilezile, ila yeye ana Wi-Fi, na baba aliyepita chuo anamwambia: sasa fungua na hiki. Huyo mtu wa kumwelekeza ndiye anayekosekana katika nyumba nyingi, na mzazi yeyote anaweza kuwa yeye, hata aliyeishia darasa la saba.

Usianze kwa kumnyang'anya simu. Kaa naye, akuonyeshe alichotazama leo, kisha muulize: huyu ni nani, amejuaje, anauza nini? Maswali hayo hayahitaji cheti.

Halafu pangeni bando kabla ya kulinunua. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali wanafunzi walipokosea na kwa nini. Wazazi wasomi wanazijua. Wengi wetu hatujawahi kuambiwa. Pakueni faili la taarifa hizo mara moja, lisomwe wiki nzima bila bando. Bando likigoma, mwombe mwalimu au jirani amrushie mtoto kwa bluetooth, kama vijana wanavyorushiana nyimbo.

Lakini mzizi wa tatizo uko kwenye lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha sekondari humpokea kwa Kiingereza, na maelezo mengi ya masomo mtandaoni ni ya Kiingereza. Akikwama aya ya kwanza anarudi kwenye vichekesho. Tunamwita mvivu, na tunamwonea. Mwambie aanze na neno la Kiswahili, tuseme usanisinuru. Akishaelewa, atafute tena kwa jina lililo kwenye kitabu chake cha biolojia, aandike daftarini maneno kumi mapya, akusomee kwa sauti.

Leo usiku, kabla hujamkabidhi simu, muulize: tunatafuta nini?