SHURA: TUSHAURIANE KABLA YA KUAMUA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo letu ni shura, yaani kushauriana katika jambo linalowahusu wengi.

Sisi walimu tuna kosa la kukiri. Mwaka mmoja tulipanga masomo ya ziada alasiri bila kuwauliza wazazi. Nia ilikuwa njema. Ulipofika msimu wa tumbaku, watoto walikuwa shambani na kwenye mabani, mikeka yetu ikabaki mitupu. Tulipoitisha kikao, mama mmoja alisema, "Ustadhi, mngetuuliza tungewaambia." Tukakubaliana wasome baada ya Magharibi, na watoto wakarudi.

Urambo yetu imewahi kuona kosa kubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika, na Urambo ikawa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Uamuzi ulitoka London. Wakulima wanaoijua mvua na udongo wa hapa hawakushirikishwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilizidi pauni milioni 35.

Sasa tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Mwaka wa 3 Hijria, kabla ya vita vya Uhud, yeye aliona bora kubaki Madina. Wengi, hasa vijana, walitaka kutoka. Akawakubalia. Walipojuta na kutaka kubadili, alikwishavaa deraya, naye hakurudi nyuma. Wapiga mishale walipoacha nafasi zao, Waislamu walipata msiba, wakafa shahidi Masahaba 70. Je, shura ilifutwa? La! Baada ya msiba huo Allah (S.W.) alimwamrisha awasamehe na aendelee kushauriana nao (Aal Imran, aya ya 159).

Hapa tunajifunza mambo matatu:

1. Waulizwe wote watakaoubeba mzigo, kina mama na vijana wakiwemo.

2. Mwenye rai tofauti asikilizwe mpaka amalize.

3. Jambo likishapita, sote tulishike na kumtegemea Allah. Likituumiza, asiwepo wa kusema, "Mimi niliwaambia."

Zoezi: Tuseme madrasa ina fedha za kisima au za darasa, si vyote viwili. Mtamuuliza nani kwanza, na kwa nini? Jadilianeni nyumbani.

Wabillahi Tawfiq.